Upepo Ndani ya Klachi

Kwa miaka 34 niliyosimama mbele ya ubao, neno nililolikata kwa wino mwekundu mara nyingi kuliko mengine huenda lilikuwa "upepo". Mwanafunzi akiandika kwamba mpira umejazwa upepo, nililipiga mstari na kuandika juu yake "hewa". Akiandika kwamba baiskeli ya baba yake imetoka upepo, nilifanya vivyo hivyo. Hoja yangu ilikuwa imenyooka: upepo ni hewa inayokwenda, ikiwa imetulia ndani ya chombo, haina haki ya kuitwa upepo. Darasa lilinyamaza, nami niliuchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Ndugu zangu wa vina na mizani, leo naomba kuwasimulia jinsi neno hilo lilivyorudi kunidai. Ni kisa cha gari bovu, fundi wa chini ya mwembe, na mwalimu mstaafu aliyekwenda gereji na daftari. Nitaeleza mambo ya mitambo kwa kadiri nilivyoyaelewa, kwa sababu bila hayo kosa langu halitaonekana ukubwa wake.

Nilipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo niliitumia kununua pikapu, Toyota Hilux iliyokwisha kutembea sana mikononi mwa wengine. Wanangu walinishauri ninunue gari dogo lisilo na klachi, wakidai kwamba goti langu la kushoto limechoka. Nilikataa. Ninaishi Muheza, na dada yangu yuko juu milimani, njia ya Amani, ambako barabara hupanda kwa kona za mfululizo kati ya msitu na mashamba ya chai. Kila msimu humshushia iliki na mdalasini wake hadi sokoni. Gari la mizigo, tena la gia za mkono, lilikuwa kwangu jambo la lazima. Na kwa kweli lilikuwa pia ushahidi kwamba bado sijawa mzigo wa mtu.

Siku moja, baada ya mvua za vuli, nikiwa katikati ya mpando, nilikanyaga klachi ili nishushe gia. Mguu ulizama. Pedali haikukatika, ilikwenda chini kwa ulaini wa kutisha, kama mtu anayekanyaga godoro, wala haikunirudishia chochote. Gia ikasaga meno na kukataa kuingia. Injini ikazimika, gari likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono, na mpwa wangu aliyekuwa nyuma akaruka na kutia jiwe chini ya gurudumu. Ng'ambo ya ukingo wa barabara niliona vilele vya miti. Nilikaa pale nimeushika usukani kwa mikono miwili, nikisikia mishipa ya shingo ikipiga.

Nilipopata pumzi niligundua kwamba nikikanyaga harakaharaka mara tano au sita, pedali hupata uzito kidogo, wa kutosha kuingiza gia moja. Kwa ujanja huo tuligeuza gari mahali palipopanuka, tukateremka hadi Muheza, nikiomba nisilazimike kubadili gia. Na kila nilipokata kona kali, usukani nao uliguna, mguno mzito kama wa ng'ombe anayelalamika zizini. Mguno huo nilikuwa nimeusikia kwa miezi kadhaa na kuuzoea, jinsi mtu anavyozoea kosa lililomo katika shairi lake mwenyewe.

Fundi wangu aliishia darasa la saba. Umri wake ni wa mwanangu wa kwanza, na huniamkia shikamoo hata akiwa chini ya gari ambako haoni ila viatu vyangu. Nilimweleza yaliyonipata. Aliibonyeza pedali kwa mkono mara mbili, akaisikiliza, kisha akasema:

"Mwalimu, klachi imeingia upepo."

"Hewa," nilisema. Neno lilinitoka lenyewe, kama chafya.

Alinitazama kwa adabu. "Sawa, Mwalimu. Imeingia hewa. Ila huo upepo umepitia huku," akasema, akaingia chini ya gari na taa yake.

Hapa naomba msomaji anivumilie. Katika gari kama langu, kati ya pedali na klachi hakuna waya wala fimbo ndefu, kuna mafuta. Mbele ya pedali, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, imefungwa silinda ndogo yenye kikopo cha mafuta. Ukikanyaga, pistoni husukuma mafuta kupitia bomba jembamba hadi silinda ya pili iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi. Pistoni ya huko hutoka na kusukuma uma unaoiachanisha klachi na injini. Kazi yote hiyo hutegemea tabia moja ya kimiminika: hakikubali kushindiliwa. Msukumo unaoutia upande mmoja hufika upande wa pili, kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Hewa haina uaminifu huo. Povu dogo likikaa ndani ya bomba, mguu wako hulibana povu hilo kwanza, na nguvu iliyopaswa kufika kwenye klachi huishia humo. Ndiyo maana nilihisi nakanyaga godoro.

Fundi alifunua kifuniko cha mpira cha silinda ya ubavuni, na matone meusi yakamdondokea kiganjani. Kipira cha ndani kimechakaa, alisema. Mafuta yanatoka, upepo unaingia. Akaniuliza mafuta yalibadilishwa lini. Sikuwa na jibu. Klachi hiyo hutumia mafuta yaleyale ya breki, nayo hunyonya unyevu, ndiyo sababu aliniambia kwamba yafaa yamwagwe na kutiwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Chupa aliyonionyesha iliandikwa DOT 3. Baadaye nilisoma kwamba mafuta ya daraja hilo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishanyonya maji kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Maji hayo huleta kutu, na kutu hukwaruza vipira. Ubovu ulikuwa umeanza kitambo, kimyakimya, wakati mimi nikijisifu kwamba gari halijanisumbua.

Nilikuwa nimekwenda na daftari langu. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiandaa orodha ya maneno ya gari kwa kile nilichokiita Kiswahili fasaha, nikikusudia kuwapelekea wenzangu wa lugha. Katika ukurasa wa klachi, silinda zile mbili nilikuwa nimeziita "silinda bwana" na "silinda mtwana", kwa kufuata Kiingereza, ambacho humwita wa kwanza bwana na wa pili mtumwa wake. Nilimsomea. Alikuwa akifuta spana. Mkono wake ukasita.

"Mtwana ndiyo nini, Mwalimu?"

"Mtumwa. Yule anayefuata amri ya mwenzake."

Akacheka kidogo, bila dharau. "Sisi tunaita masta ya juu na masta ya chini. Hii ya chini ndiyo inayosukuma klachi. Ingekuwa mtumwa, mbona ikigoma gari zima linasimama?"

Pangani si mbali na hapa. Kutoka mwambao huu watu walipakiwa majahazini wakauzwe, na hata leo ziko nyumba ambamo mazungumzo hukatika ghafla asili ya bibi fulani inapotajwa. Mimi, mtu wa huku huku, nilikuwa nimelitoa neno lile katika kitabu cha kigeni na kulipiga chapa juu ya chuma. Ilhali vijana wa gereji, bila semina wala kamati, walikwisha kulitupa zamani wakaweka "juu" na "chini". Nililikata kwenye daftari palepale. Lakini sikujifunza vya kutosha, kama mtakavyoona.

Vipira vipya vilipatikana, vya juu na vya chini. Akavifunga, akajaza mafuta mapya. Ikabaki kazi ya kutoa upepo, nayo huhitaji watu wawili: mmoja chini, akifungua na kufunga nati ndogo iliyo kwenye masta ya chini, na mwingine juu, akikanyaga pedali. Kijana wake alikuwa ametumwa Tanga mjini kutafuta mkanda wa pampu ya usukani. Nikajitolea mimi.

Alinifundisha taratibu. "Nikisema pampu, kanyaga mara tatu polepole. Nikisema kaza, bana chini, usiinue. Mimi nafungua nati, upepo unatoka. Nikishafunga nasema toa, ndipo uinue mguu. Ukiinua kabla sijafunga, inavuta upepo upya."

Mpira mwembamba ulitoka kwenye nati ile na kuingia katika chupa yenye mafuta kidogo, ili mapovu yaonekane na upepo usipate njia ya kurudi. Maelekezo hayakuwa na dosari. Nami nikayasahihisha. Nilimwambia kwamba "kaza" ni kwa nati na kamba. Na "toa" ni kitenzi kilichoachwa njiani, kutoa nini? Maneno yanayofaa, nilisema, ni "shikilia" na "achilia". Ni maneno kamili, yamenyambuliwa vizuri, na, niliongeza kwa furaha ya mshairi, yana vina. Alikuwa amekwisha kulala chali chini ya gari.

"Haya, Mwalimu," alijibu kutoka huko.

Mizunguko minne ilikwenda salama. Pedali ilianza kupata uzito chini ya unyayo wangu, nikajiona fundi. Katika mzunguko wa tano, lori lililosheheni mkonge lilipita barabarani likinguruma. Fundi alikuwa ameifungua nati na, kama alivyonieleza baadaye, alikuwa ameutoa mpira chupani ili ayatazame kwa karibu mafuta yanayotoka. Akapaza sauti: "Shikilia!" Mimi nikasikia mkia wa neno tu, "...lia!", nikaachilia. Akapiga kelele. Sikutambua alichosema, ila nilijua nimekosea, na mtu anayejua amekosea hukimbilia kurekebisha. Nilikanyaga tena kwa nguvu zangu zote.

Mafuta yaliruka kutoka mdomo wa ule mpira yakampiga usoni.

Alitoka akitambaa, kiganja juu ya jicho la kulia. Mafuta ya breki huunguza. Hata rangi ya gari huibambua. Nilishika dumu la maji, nikamkalisha juu ya tairi, nikammiminia huku yeye akizilazimisha kope zifunguke. Dumu likaisha. Mama lishe wa jirani akaleta ndoo, tukaendelea, kisha akaleta ya pili. Katika muda wote ule fundi hakunitamkia neno baya hata moja, naye alikuwa na haki ya kila neno baya. Tulipanda bodaboda hadi kituo cha afya, ambako muuguzi alimwosha tena na kumpa dawa ya matone. Jicho limesalimika, alisema. Tungechelewa kuliosha, pengine angesema mengine.

Nilingoja kwenye benchi la nje. Goti langu lilikuwa likitetemeka. Niliwaza juu ya mtu anayelisha watoto watatu kwa macho yake na mikono yake, na jinsi nilivyoliweka jicho lake rehani kwa ajili ya kina.

Usiku ule niliyatamka yale maneno mawili gizani, tena na tena, kama mwanafunzi anayekariri. Mnajua kwamba mkazo katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "shikilia" na "achilia" mkazo unaangukia "li" kotekote, na "a" inafunga kotekote. Hata silabi inayotangulia mkazo, "ki" hapa na "chi" kule, ina irabu ileile. Kwa hiyo ile sehemu ya neno yenye nguvu ya kushinda ngurumo ya lori ni moja kwa amri zote mbili. Kinachotofautisha amri na kinyume chake kimewekwa mwanzoni, katika silabi dhaifu ambazo kelele huzimeza kwanza. Sasa yapimeni "kaza" na "toa". Silabi mbilimbili, mkazo unapiga mara mdomo unapofunguka, irabu yenye mkazo ni "a" katika moja na "o" katika jingine. Mtu aliye juu hata akisikia nusu ya neno, nusu hiyo inamtosha.

Sisi twakipenda kina kwa sababu huyafanya maneno mawili yaliyo mbali yafike sikioni kama ndugu. Shairi hutaka sikio liunganishe na likumbuke. Chini ya gari, fundi hutaka sikio litenganishe, tena kwa haraka. Maneno niliyompa hayakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa yangu, niliyeyahamisha kutoka barazani hadi gereji bila kumwuliza anayeishi huko kwa nini alichagua yake. Mafundi wale hawakuyachagua kwa ulegevu. Yamesuguliwa na kelele za miaka mingi mpaka yakabaki yale yanayosikika.

Nikalifungua upya na jalada la "upepo". Hewa tumeipokea kutoka Kiarabu, na ni neno jema. Upepo ni wetu wa Kibantu, wa ukoo mmoja na kupepea. Kilichomo ndani ya bomba la klachi, fundi hukiona kikiingia, kikitembea, kikitafuta njia ya kupanda, na hatimaye kikitoka kwa mapovu. Hakijatulia hata kidogo. Hata kwa kipimo changu mwenyewe cha hewa inayokwenda, fundi alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Niliwakumbuka watoto wale na baiskeli za baba zao. Wengi wao leo ni watu wazima. Sina wino wa kufuta wino ule.

Siku ya tatu alinipigia simu: jicho limetulia, na mkanda umepatikana. Nilipofika, kijana wake alikuwapo, nikajua pedali itakuwa yake. Fundi akalala chini ya gari, kisha akachungulia na kunielekeza kwa kidevu. "Panda, Mwalimu. Tumalizie tulipoishia."

Nilipanda. Alisema pampu, nikakanyaga. Alisema kaza, nikabana mpaka vidole vya mguu vikafa ganzi. Alisema toa, nikainua. Tulirudia mara tisa, kijana akiongeza mafuta ili kikopo kisikauke na kuvuta upepo mpya, mpaka mafuta yakatoka chupani bila povu hata moja. Pedali ikarudi kuwa ngumu na yenye ukweli. Hakuna aliyeitaja siku ile.

Kisha tukaugeukia usukani. Mtambo wake pia huendeshwa kwa mafuta, lakini mwenendo wake ni mwingine. Mafuta ya klachi hukaa palepale, yakisogea mbele na nyuma kadiri mguu unavyoamuru. Ya usukani yana mzunguko: pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda huyasukuma hadi kwenye boksi ya usukani, humo hukusaidia kusukuma upande uliogeukia, kisha hurudi kwenye kikopo na kuanza upya. Gari la abiria la kwanza kuuzwa likiwa na msaada wa namna hiyo lilikuwa Chrysler Imperial ya Marekani, mwaka 1951. Kabla ya hapo dereva aligeuza magurudumu kwa misuli yake. Mguno niliouzoea ulitokana na bomba la kurudishia mafuta lililolegea. Mafuta yalipungua, pampu ikawa inameza upepo pamoja nayo, na mle kikoponi yalikuwa yamepauka kwa mapovu kama chai iliyozidi maziwa.

Mafuta hayo ni mekundu, ya aina ya ATF, na fundi alinionya kwa uzito ambao sikuwahi kuusikia kwake: mekundu yasiingie kamwe kwenye klachi wala breki, maana huvimbisha vipira vya huko na kuviharibu. Yote mawili tunayaita mafuta, na yanaharibiana.

Aliimwaga ile chai, akafunga bomba jipya na mkanda mpya, akajaza, akainua pua ya gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi. Injini ikiwa imezimwa, nilizungusha usukani polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, na tena, na tena, kijana akijazia kila mafuta yaliposhuka. Baadaye tuliwasha injini na kurudia yaleyale, nikikatazwa kuung'ang'aniza usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa hapo pampu hubanwa na kupata moto. Hakuna nati ya kufungua, hakuna amri ya kupaza. Upepo wenyewe hupanda kikoponi na kupotea ukipewa muda. Taratibu mafuta yakatakata, yakawa mekundu ya kuonyesha chini, na mguno ukafifia hadi ukanyamaza.

Nikizungusha hivyo nilipata nafasi ya kulitazama daftari langu kwa jicho jingine. Usukani tunaoushika garini ulitoka baharini: ni neno la Kiarabu, na kwa mabaharia wetu ni ule ubao wa tezi unaogeuza chombo. Hakuna mwalimu aliyeuhamisha. Watu walipoona gari walijua linahitaji nini. Rubani naye aliongoza vyombo vya majini kabla hajapanda ndege. Na "bomba" tuliipata kwa Wareno, ambao kwao ni kifaa cha kusukumia maji. Sisi tumeishusha ikawa mrija, na ndipo "pampu" ikaja kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Orodha yangu, kwa kuchukia Kiingereza, iliagiza kwamba pampu ya usukani iitwe bomba la usukani. Fikirini: ningempigia fundi simu nikamwambia bomba la usukani limekufa, angenunua mrija.

Niliporudi nyumbani nilifungua makaratasi yangu ya mashairi, yale ambayo rafiki mmoja wa zamani aliniambia kwamba yametimia lakini hayasukumi. Nilikuwa nimemnunia. Sasa nilikuta mshororo kama huu, wa mizani 16 kamili, katika shairi la kuagana na wenzangu wa kazi:

Nilikwenda nami pale, kwenda kule kwenda zangu

Hesabuni. Hakuna pungufu wala ziada; kuna upepo mtupu. Msomaji anakanyaga, mguu unazama, hakuna kinachosogea upande wa pili. Nilikuwa nimejaza nafasi kwa maneno ili bomba lionekane limejaa, na mwaka ule nilipaswa kuwaambia wenzangu kwamba nilikuwa naogopa kubaki bila darasa. Hilo halimo katika beti zote kumi na mbili.

Nimezichana. Badala yake niliandika ubeti mmoja, nao ni huu:

Ukiingia upepo, nguvu haitasalia,
Ukanyage papo hapo, ni bure kushikilia,
Sikiza fundi alipo, acha kumsimulia,
Na neno bovu liwapo, heri kuliachilia.

Nilimsomea fundi chini ya mwembe. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie mshororo wa tatu, akatabasamu. Kisha akauliza, "Na usukani, Mwalimu, mbona hukuuweka?" Nimeahidi kuuweka. Ubeti wa pili bado unanishinda, na safari hii sitaujaza ili tu utimie.

Dada yangu nilimfuata wiki iliyofuata. Katika mpando uleule nilikanyaga, nikasikia klachi ikijibu, nikashusha gia. Mpwa wangu alikuwa ameshika jiwe mkononi, kwa tahadhari, nami sikumlaumu.

Daftari bado ninalo, ila nimeugeuza utaratibu wake. Safu ya kushoto, nilipokuwa nikiandika makosa, sasa ninaandika maneno ya mafundi kama wanavyoyasema. Safu ya kulia, nilipokuwa nikiandika masahihisho, ninaandika sababu walizonipa. Ninyi mlio Mombasa, Unguja, Mwanza, Bukavu na kwingineko, nendeni kwa mafundi wenu mkawaulize: klachi ikiingia upepo, mwasemaje? Anayebana pedali huambiwa neno gani, na anayeinua mguu huambiwa lipi? Nileteeni kama lilivyotamkwa. Nitaliandika hivyo hivyo, kwa wino wa buluu.